Wanaosema "zote ni sawa" hawalipi mega zetu

Ninyi wazazi wetu ambao vita viliwatoa nyumbani, leo sizungumzi juu ya bunduki wala juu ya bei ya unga. Nazungumza juu ya kitu kidogo kilicho ndani ya simu yako, kinachokula pesa yako kila siku, na ambacho wengi wetu hatujawahi kukiuliza jina.

Jina lake ni kivinjari. Waliosoma Kifaransa wanakiita navigateur, na wengi wetu tunakiita tu "Google". Ni ile programu inayofunguka unapobonyeza ukurasa uliotumiwa kwa WhatsApp, au unapotafuta habari, matokeo ya mtoto, au jina la ndugu aliyepotea njiani.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha kuchajia simu. Mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Rutshuru alinunua mega kwa franka zake za mwisho. Alikuwa ametumiwa ukurasa, akaambiwa humo kuna orodha ya majina, na alitaka kujua kama jina la mtoto wa dada yake limo. Alibonyeza. Zikaja picha kubwa, ikaja video iliyoanza kucheza yenyewe, yakaja matangazo ya vitu ambavyo hakuna mtu kibandani pale angeweza kununua. Kabla orodha haijaonekana, ukaingia ujumbe: mega zimekwisha.

Kijana wa kibanda akamwambia, "Mama, ongeza zingine." Nikamuuliza kwa nini asimwekee mama kivinjari chepesi zaidi. Akacheka. "Mukubwa, zote ni sawa tu."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Zote si sawa. Na anayesema zote ni sawa, mara nyingi si yeye anayelipa.

Mnakumbuka kodi ya RAM? Ilipoanza mwaka 2020, ikawa inakatwa ndani ya unite zetu za simu, nchi nzima ilipiga kelele. Wabunge walisema, vijana walisema, wauza mboga walisema, mpaka mwaka 2022 kodi ikaondolewa. Tulikuwa na haki. Lakini kwa nini tulilia kwa unite zilizokatwa na serikali, na hatulii kwa mega zinazokatwa na programu ambayo hatukuichagua? Pesa ni ileile, mfuko ni uleule. Tofauti ni kwamba mwizi wa pili anaingia kimya.

Tuanze na Chrome, kwa sababu ndiyo iliyo katika simu nyingi za Android zinazouzwa huku kwetu. Iko pale tangu siku unanunua simu. Hakuna aliyekuuliza. Wazungu wenyewe waliona hilo si haki. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya uliipiga Google faini ya zaidi ya euro bilioni 4, na kosa moja lililotajwa ni kuwalazimisha watengenezaji wa simu waweke Chrome pamoja na programu yake ya kutafutia. Na tangu Machi 2024, sheria ya Ulaya inataka mwenye simu mpya aonyeshwe orodha ya vivinjari achague mwenyewe. Mtu wa Brussels anaulizwa. Mtu wa Kiwanja au wa Sake haulizwi. Je, ni kwa sababu mega za Brussels ni ghali kuliko zetu?

Kuna jambo lingine, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Chrome ilikuwa na njia ya kupunguza mega. Uliiwasha mara moja tu, kisha kurasa zilikuja zimepunguzwa uzito. Mwisho wa Machi 2022 Google ikaizima. Sababu moja waliyoitoa ni kwamba bei ya intaneti katika simu imeshuka katika nchi nyingi. Siku zilezile za mwisho wa Machi 2022, watu wa Jomba na Bunagana walikuwa wanabeba magodoro kichwani wakivuka kwenda Uganda, kwa sababu vita vilikuwa vimerudi Rutshuru. Walioamua kuizima hawakufanya hivyo kwa ubaya, najua. Lakini hesabu yao ilikuwa ya nchi nyingine, na sisi ndio tuliobaki tunalipa tofauti.

Sisemi kwamba Chrome ni mbaya. Tuseme ukweli wote. Inafungua karibu kila ukurasa bila kugoma. Matundu ya usalama yanazibwa haraka. Inaweza kugeuza ukurasa wa Kifaransa au wa Kiingereza uje kwa Kiswahili, na kwa mzee asiyesoma Kifaransa hiyo ni msaada mkubwa, hata kama Kiswahili chake mara nyingine kinachekesha. Inaweza pia kuhifadhi ukurasa ukausoma baadaye bila mtandao, na huku kwetu ambako mtandao unaweza kupotea siku nzima, hiyo si kitu kidogo. Ugomvi wangu ni kuambiwa kwamba hakuna nyingine.

Nyingine iko, na wazee wa simu za kubofya wanaijua: Opera Mini. Ilianza mwaka 2005 huko Norway, ikitengenezwa kwa simu ndogo na mtandao mdogo. Kazi yake ni hivi. Unapoomba ukurasa, ombi lako linakwenda kwanza kwenye mashine kubwa za kampuni. Mashine hizo zinaufungua ukurasa, zinaukamua, zinapunguza picha, kisha zinakutumia kilichobaki. Ni kama kumtuma mtu sokoni akununulie mahindi yaliyokwisha kukobolewa: mzigo unaofika nyumbani ni mwepesi. Wenyewe wanajivunia kuokoa mpaka asilimia 90 ya mega. Usiwaamini bure, mimi pia usiniamini. Chini nitakuambia namna ya kupima katika simu yako mwenyewe.

Kwa kusoma habari, kusoma tangazo, kutafuta jina katika orodha, Opera Mini ingemtosha mama yule wa kibandani. Video isingejianzisha yenyewe. Pengine mega zake zingebaki za kumpigia dada yake kwa WhatsApp.

Lakini hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu wapo pia wanaoisifu Opera Mini kama dawa ya kila ugonjwa, na hao nao wanatudanganya. Yule uliyemtuma sokoni ameona ulichonunua. Unapotumia njia yake ya kuokoa kupita kiasi, ile inayoitwa extrême, ukurasa unafunguliwa kwanza kwenye mashine za kampuni kabla ya kufika kwako. Kwa habari za mpira au za bei ya maharage, hakuna tatizo. Kwa neno la siri, kwa pesa, kwa jambo linaloweza kukuletea hatari, usipitie njia hiyo. Na tena kurasa nyingi zenye fomu za kujaza hazifanyi kazi vizuri humo: unajaza, unabonyeza, hakuna kinachotokea, nawe unafikiri umeandikishwa kumbe haukuandikishwa. Fikirieni maana ya hilo kwa familia inayongoja msaada.

Wako pia wanaopeana UC Browser kwa Xender, simu kwa simu, kwa kuwa ni nyepesi na inashusha video haraka. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab, wa Chuo Kikuu cha Toronto huko Kanada, walionyesha kuwa kivinjari hicho kilikuwa kinapitisha habari za watumiaji bila ulinzi wa kutosha. Mwaka 2020 India ikakifungia pamoja na programu nyingine nyingi za Kichina, ikisema ni kwa usalama wa nchi. Katika eneo la vita, mahali ulipo na unachotafuta si habari ya kuchezea. Na programu iliyotoka katika simu ya jirani, iwe ni UC, iwe ni Chrome, inaweza kuwa ya zamani au iliyochezewa na mtu. Heri kutumia mega kidogo kuichukua Play Store kuliko kuipata bure kutoka kwa usiyemjua.

Ya tatu ni Firefox ya Mozilla. Iko tangu mwaka 2004, na mwenye Firefox ni shirika lisilogawia wenye hisa faida. Katika simu ni nzito kidogo kuliko Opera Mini, na simu yenye nafasi ndogo itailalamikia. Lakini ina kitu ambacho Chrome ya Android haina: unaweza kuiongezea kizuizi cha matangazo kinachoitwa uBlock Origin. Matangazo yasipokuja, mega zake hazikatwi, na hakuna mashine ya katikati inayofungua ukurasa wako. Ukitaka kuokoa mega na pia kuficha siri yako, hiyo ndiyo njia ninayoiamini mimi. Iko pia Brave, inayozuia matangazo tangu unapoiweka bila kuongeza kitu. Na wachache wenye iPhone wasisumbuke sana: huku kwetu vivinjari vyote vya iPhone vinatumia injini ileile ya Apple, hata vikibadilisha nguo.

Sasa nije kwenye jambo linalozidi mega.

Sisi huku hatutumii simu kama watu wa Ulaya, mtu na yake. Simu moja inatumika na nyumba nzima. Mkimbizi anaomba ya mwenyeji wake. Mjane anampa kijana wa jirani neno lake la siri ili amsaidie "kuingia". Naijua familia moja, sitaitaja, ambayo mama yake alifungua akaunti yake katika simu ya mtu mwingine. Chrome ikauliza kama ihifadhi neno la siri. Maandishi yalikuwa ya Kifaransa, mama akabonyeza ndiyo ili ukurasa uendelee. Neno lile likabaki katika simu ya yule mtu. Baada ya muda, ndugu zake walioko mbali wakaanza kupokea ujumbe wenye jina lake, unaoomba pesa za haraka za hospitali. Mmoja alituma. Mama hakuwa mgonjwa, na pesa hazikumfikia. Mpaka leo kuna mtu katika ukoo ule anayefikiri kwamba ni yeye aliyewala.

Mtaniambia, je, hiyo ni kosa la kivinjari? Mwizi ni mtu, ndiyo. Lakini mlango uliachwa wazi na programu, na hakuna aliyemwonyesha mama namna ya kuufunga. Kumbe namna iko. Katika simu ya mtu mwingine, tumia dirisha la siri: katika Chrome linaitwa navigation privée, na Firefox pia inalo. Ukimaliza na kulifunga, historia na akaunti havibaki katika simu ile. Iko pia Firefox Focus, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: unabonyeza alama moja, kila kitu kinafutika. Na swali la kuhifadhi neno la siri, jibu lake katika simu isiyo yako ni moja tu: non.

Lakini tusidanganyane hapo pia. Dirisha la siri linakuficha kwa mwenye simu tu. Halikufichi kwa kampuni ya mtandao, wala kwa wenye ukurasa. Marekani watu waliishitaki Google kwa sababu walidhani humo hawafuatwi, na mwaka 2024 Google ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu zilizokusanywa. Na faili uliyoshusha inabaki ndani ya simu mpaka uifute kwa mkono wako.

Kwa kompyuta za cyber, za shule na za maredio yetu, neno ni hilohilo. Nyingi ni za zamani, bado zina Windows 7. Tangu mwanzo wa mwaka 2023 Chrome mpya haiingii tena katika Windows 7. Ile unayoiona pale imesimama, na matundu yake hayazibwi. Firefox 115, iliyotoka katikati ya mwaka 2023, ndiyo iliyoendelea kuhudumia mashine hizo baada ya hapo, na Mozilla ilirefusha muda wake zaidi ya mara moja. Mwenye cyber anayewaacha wateja waandike maneno ya siri katika Chrome iliyokufa anajua au hajui, lakini sasa nimemwambia. Ninyi wateja, fungueni dirisha la siri kabla ya kuandika chochote: katika Chrome na Edge bonyeza Ctrl, Shift na N pamoja, katika Firefox, Ctrl, Shift na P. Na Edge ile ya Windows 10, msidhani ni kitu kingine kabisa: tangu mwaka 2020 imejengwa juu ya msingi uleule wa Chrome.

Najua jibu ambalo wengine wananiandalia. Watasema: watu wanalala chini ya sheeting inayovuja, wewe unawahubiria vivinjari? Nawajibu hivi. Ninyi mashirika na ninyi wakubwa wa serikali, ni nani aliyehamishia maisha ya mkimbizi ndani ya simu? Si yeye. Ni ninyi mlioweka orodha kwenye intaneti badala ya kuibandika kwenye mti. Ni ninyi mnaomwambia ajaze fomu ya malalamiko kwenye ukurasa. Ni ninyi mnaotuma tangazo la mistari mitano ndani ya ukurasa wenye picha kumi za magari yenu. Mkishamwambia mtu apitie kwenye simu ili ale, msimwambie kwamba namna ya kutumia simu ni anasa.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili kwenu, na hayahitaji mkutano hotelini. Orodha iwe maandishi matupu, bila picha na bila video, ifunguke hata katika Opera Mini ya simu ndogo. Na kila ukurasa wenye fomu ujaribiwe kwanza katika simu ya bei ndogo, kwa mega zilizonunuliwa kwa franka, si kwa Wi-Fi ya ofisi. Afisa ambaye hajawahi kuona mega zake zinakatika kabla ukurasa haujafunguka, hajui anachotuomba.

Nanyi vijana wa vibanda, sina ugomvi na kazi yenu. Ninyi ndio mafundi wetu. Lakini acheni neno "zote ni sawa". Mtu akikuletea simu, muulize: hii ni yako peke yako, au mnatumia wengi? Unasoma habari tu, au unaingia kwenye pesa? Jibu lake ndilo linalochagua kivinjari. Daktari hampi kila mgonjwa dawa ileile kwa sababu tu ndiyo iliyo mezani.

Sasa wewe msikilizaji, leo jioni fanya hivi. Ingia Paramètres, tafuta mahali pa mtandao na matumizi ya data. Utaona kila programu na mega ilizokula. Andika hesabu ya kivinjari chako. Fungua kurasa zako za kawaida siku mbili kwa Chrome, siku mbili kwa Opera Mini, siku mbili kwa Firefox yenye kizuizi cha matangazo, kisha linganisha. Hapo hutahitaji neno langu wala la fundi. Ukipata kinachokufaa, ingia tena Paramètres, kwenye applications par défaut, ukiweke kiwe cha kwanza, ili ukurasa wa WhatsApp ufungukie humo. Na katika Play Store, amuru programu zijisasishe kwa Wi-Fi tu, zisikule usiku umelala.

Mimi nimekwisha kuchagua. Ninasoma kwa Opera Mini. Pesa na siri ninazipitisha kwa Firefox. Katika simu ya mwenzangu ninatumia dirisha la siri, na sihifadhi kitu. Wewe unaweza kuchagua tofauti, na sitakugombeza. Nitakugombeza tu kama bado unaacha simu ikuchagulie.

Mama wa kibandani? Kijana alimwekea Opera Mini siku ileile, nami nikamnunulia mega kidogo. Orodha ilifunguka. Jina la mtoto halikuwamo. Alikaa kimya kidogo, akaangalia mega zilizobaki, akasema, "Basi zinatosha kutafuta kwingine." Tukaanza na ukurasa wa Msalaba Mwekundu wa kutafuta ndugu waliopotea.

Kwa mega zilezile, awali asingefika hata kwenye orodha ya kwanza.